Mafuta ya Pole

Figo la injini linakojozwa kila asubuhi, kabla ya chai, kabla hata hujasemeshana na mtu. Ndivyo nilivyofundishwa. Unashuka chumba cha injini na kikombe cha bati, unafungua koki ndogo chini ya chupa, unaacha maji yaliyochujwa yatoke, unayatazama rangi, kisha unayamwaga. Kwa miaka saba Fundi Bilali aliniuliza swali moja kila kukicha, "Siki, umeshalikojoza?" na abiria wageni wakisikia hucheka mpaka waelezwe.

Asubuhi ile pale kijijini Kalya nilishuka na kikombe changu, nikafungua koki, hakikutoka kitu. Hakikupaswa kutoka kitu. Figo lilikuwa limepumzishwa siku tisa, na aliyelipumzisha ni mimi.

Nililitazama kwa muda. Lilikuwa limetulia ndani ya chupa yake, kubwa kama boga, kwenye maji ya chumvi ya uvuguvugu, likipwita polepole. Lilikuwa jekundu na safi kuliko siku yoyote tangu nianze kazi kwenye Tutafika. Ndilo jina la boti yetu, Tutafika, na msinitanie, sikuipa mimi.

Mafuta tunayopika siku hizi ni ya mwani wa mabwawani, na hayajawahi kuwa makavu. Yanakuja na maji, na mchanga, na vipande vya majani, na ule ute mweusi unaoota pale maji yanapokutana na mafuta ndani ya tangi. Chujio la karatasi linaziba haraka. Figo halizibi. Linayanywa maji, linaushika uchafu, na likilala usiku mmoja linajisafisha lenyewe. Adui yake ni mmoja tu, ute mweusi ukiwa mwingi. Ukiliingia kwa wingi, limekwisha, hakuna dawa.

Kila boti ya abiria katika ziwa hili ina figo lililooteshwa kutokana na chembe za fundi wake wa kwanza. La Tutafika ni la Bilali Kasongo. Alitoa chembe hizo miaka kumi na mmoja iliyopita, wakati mafigo yake mwenyewe yakiwa mazima. Sasa yake yote mawili yamekufa. Mashine ya kusafishia damu haimfai tena, mishipa imegoma. Daktari Kokuhirwa wa Kigoma alisema figo la injini linaweza kurudishwa kwa mwenyewe, maana ni nyama yake na mwili hautalikataa, ila lije safi. Siku tisa lisiguswe na tone la mafuta. Kuotesha jingine ni miezi minane, na Bilali alikuwa na wiki mbili, akibahatika tatu.

Sheria ya Chama cha Mabaharia inasema boti isiyo na figo haibebi abiria. Nilipaswa kuifunga Tutafika gatini siku zote tisa. Sikuifunga. Vijiji vya majabalini havina barabara wala boti nyingine, na Bilali mwenyewe alikuwa huko Kalya kwa wakwe zake, nani angemleta? Basi nikayapitisha mafuta kwenye bomba la mchepuko, lenye machujio mawili ya karatasi ya kizamani, nikachukua katoni ya karatasi, nikamwambia Nahodha Sikazwe, "Nitaangalia mwenyewe." Sikazwe ni Mfipa wa maneno machache. Alinitazama, akawasha boti.

Sasa niseme lile ninalolizunguka. Miezi miwili nyuma, kabla mtu yeyote hajafikiria figo la injini, daktari aliwaomba ndugu na wafanyakazi wenzake Bilali wakapimwe, labda mmoja anaweza kumpa figo. Tulikwenda kumi na mmoja. Majibu hupewa aliyepimwa peke yake, aseme au asiseme. Yangu yalikuja kwenye bahasha, na yalisema figo langu linamfaa. Nilisoma mara tatu nikiwa nimesimama chooni. Halafu nikaenda kwa Bilali nikamwambia, "Fundi, damu zetu hazikupatana." Akaniambia nisijali, akanishukuru kwa kwenda. Baadaye mashine ilipoacha kumfaa, ni mimi niliyeuliza mbele ya watu, "Na lile la kwenye injini je?" Nilisifiwa akili. Karatasi ya majibu ilikuwa kwenye sanduku la spana, chini kabisa, na tangu siku ile sikuwahi kulifungua bila kukunja uso.

Kwa hiyo mnaelewa nililitazama vipi lile figo asubuhi ile. Likifika Kigoma jekundu, Bilali anaishi, na mimi nabaki na yangu mawili.

*

Nilipopanda juu nikakuta foleni.

Kalya hawaendi kwa mgonjwa mikono mitupu. Kwa mkulima watapeleka unga, kwa mama mzazi watapeleka kuku. Kwa fundi wa injini walileta mafuta. Kila nyumba ilileta dumu moja la lita tano kutoka bwawa lake, na nyumba zilizoleta zilikuwa sitini na tatu. Bilali walikuwa wameshamketisha kwenye godoro karibu na mlango wa chumba cha injini, amevimba uso na miguu, kofia yake ya kufuma kichwani, analia bila kujificha.

"Pole, Fundi. Haya ni ya safari yako," kila mmoja alisema, na kila mmoja alinikabidhi mimi dumu nimimine.

Wa kwanza alikuwa Mama Kasimba, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamuru, ambaye naye alikuwa anasafiri nasi kumwona mwanawe Kigoma. Dumu lake liling'aa. Nililigeuza kidogo nikaona shanga za maji ndani ya shingo.

"Umelisafisha, mama," nilisema.

"Tulisugua kwa mchanga na maji ya ziwa, jana yote. Sisi wanawake tulikubaliana. Pole haiendi kwenye dumu chafu."

Sitini na tatu, yote yamesuguliwa, yote yamesuuzwa, hakuna hata moja lililoanikwa likakauka. Nahodha Sikazwe alikuja nyuma yangu akaninong'oneza, "Pima, Siki."

Kupima ni kupaka dawa kwenye kijiti, kukizamisha, na kutazama dawa ikibadilika rangi. Ni kazi ya dakika moja. Lakini upime mafuta ya mtu aliyekuja kumpa pole mgonjwa, naye amesimama mbele yako? Hiyo ni sawa na kunusa chakula cha mwenyeji kabla ya kunawa.

"Mbele yao?" nilimuuliza.

"Basi weka kwenye tangi la akiba."

"Limejaa."

Sikazwe akaitazama foleni. Naye ni mtu wa huku, alijua. Nikaweka faneli kwenye tangi la siku, ambamo ndimo injini inanywa moja kwa moja, nikamimina madumu sitini na matatu, na kila dumu nikasema asante. Figo lingekuwa kazini nisingejali hata kidogo. Lingeyanywa yale maji yote kabla hatujapita mlango wa ghuba. Hilo ndilo lililonipumbaza, nadhani. Mikono yangu ilikuwa imezoea kumimina mafuta kwenye boti yenye figo.

Tuliondoka saa kumi na mbili unusu, abiria mia moja na kumi na wawili, watoto ishirini na zaidi. Kwenye katoni zilikuwa zimebaki karatasi tisa.

*

Karatasi ya kwanza ilidumu dakika hamsini. Nikajiambia si mbaya.

Ya pili ilidumu nusu saa. Chini ya kila chujio kuna kikombe cha kioo, ambamo maji huzama na mafuta hubaki juu, na mpaka kati yao unauona wazi. Nilikuwa nafungua koki ya kikombe, naondoa maji, nafunga, naketi, nasimama tena, mpaka wa maji umeshapanda. Chujio moja linafanya kazi wakati jingine unalibadilisha, unageuza mkono wa chuma kulia, unageuza kushoto. Kwa saa mbili nzima sikufanya kitu kingine. Chai yangu ilipoa juu ya betri nikaja kuimwaga bila kuionja.

Saa tatu na nusu upepo wa kusini ukaamka. Mawimbi yalianza kutubeba kwa nyuma, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Tangi likitikisika, yale yaliyolala chini yanaamka. Kikombe cha kioo kilianza kuwa na nyuzi nyeusi. Niligusa moja kwa kidole, ikateleza, ikanata. Ute. Nikafuta kidole kwenye ovaroli langu mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Injini ikikohoa kwa hewa, inakohoa mara moja na kuendelea. Ikimeza maji, inapoteza nguvu kidogo kidogo, inapandisha, inashusha, inapandisha. Ilianza kupandisha na kushusha. Mara nikasikia fimbo ikigonga sakafu ya juu, mbili, ko-ko.

Hiyo ilikuwa lugha yetu tangu Bilali alipoanza kuumwa na kushindwa ngazi. Yeye juu, mimi chini. Kugonga mara mbili ni kwamba amesikia ubaya. Kugonga mara tatu ni kwamba injini iko sawa, niache nilivyofanya, nipande nikale. Nikaendelea kutoa maji. Baada ya dakika chache mlango ukafunguliwa na wanaume wawili wakamshusha, hatua moja moja, wakamketisha kwenye kasha la vipuri, wakaondoka.

"Siki."

"Naam, Fundi."

"Inameza maji."

"Kidogo."

"Kidogo gani? Nimelala juu ya hii injini miaka mingi kuliko niliyolala na mke wangu. Nitajie uongo mwingine." Alikuwa anahema. Akatazama mkono wa chuma, akatazama bomba, nikaona amekwisha kuelewa. "Umelifungia figo. Unatembea na mchepuko."

"Daktari alisema siku tisa."

"Na abiria juu."

"Ndiyo."

Nilitegemea anitukane, maana kwa kosa dogo kuliko hilo alishawahi kunirushia spana. Hakunitukana. Aligeuka pale alipoketi akalitazama figo lake kwenye chupa, akaliinamia mpaka pumzi yake ikafanya ukungu kwenye kioo.

"Limenawiri," alisema. "Kumbe mimi kwa ndani ni mzuri hivi."

Nilitaka kucheka ikanishinda. Nikageuza mkono wa chuma, nikatoa karatasi iliyoziba. Ilikuwa nyeusi yote na imelowa.

"Zimebaki ngapi?"

"Nne na hizi mbili zilizo ndani."

"Na Kabogo?"

"Saa moja na nusu."

Alihesabu kwa vidole vilivyovimba, polepole. Kabogo ni ile rasi ya miamba ambako mawimbi ya kusini yanagonga jabali na kurudi, yakakutana na yale yanayokuja. Hakuna pwani pale, hakuna pa kutupa nanga, kina kinaanza hapo hapo ukutani. Boti iliyozima injini Kabogo na upepo ule inapelekwa ukutani, na hilo linajulikana na kila mtoto wa ziwa hili. Kutoka pale hadi Kigoma mafuta ni yale yale. Tangi la akiba linapitia tangi la siku, kwa hiyo hata yale safi yangekuja yamechafuka.

"Usiniambie nifungue koki," nilisema. Sauti yangu ilitoka kali. "Fundi, tafadhali, usiniambie."

"Sikuambii." Akaliangalia tena figo, akasema, "Sitaki kufa, Siki. Nisikudanganye. Watu wanadhani mtu akishaumwa sana anaichoka dunia. Mimi sijaichoka. Nataka kula mgebuka wa chumvi bila mtu kunikaripia. Nataka kuona mvua ya mwaka huu. Kwa hiyo sikuambii ufungue. Wala sikuambii usifungue. Mimi si fundi wa boti hii tena."

Nilimchukia kidogo pale. Ningependa ajifanye shujaa, aamue yeye, mimi nitii tu kama miaka yote. Aliita wale wanaume wamrudishe juu. Kwenye ngazi alisimama kupumzika, akasema bila kugeuka, "Kaza hicho kikombe cha kushoto, kinaingiza hewa." Nikakikaza. Kweli kilikuwa kinaingiza hewa.

*

Nahodha Sikazwe alishuka mwenyewe saa tano na nusu. Hajawahi kushuka boti ikiwa mwendoni.

"Nipe dakika arobaini, Siki. Arobaini tu nipite ile miamba."

"Huwezi kukaa mbali, kaka? Ukaingia katikati ya ziwa?"

"Nikiigeuza ubavu kwa mawimbi haya, na nguvu hii uliyonipa, inalala. Nikirudi nyuma nakwenda dhidi ya upepo, hatufiki popote." Akatazama chupa ya figo, akaangalia pembeni haraka. "Dakika arobaini."

Alipopanda, nilijaribu yote. Nilipunguza mwendo ili mafuta yapite taratibu. Nilifungua koki ya chini ya tangi nikatoa maji ndoo moja, ndoo ya pili, lakini tangi lilikuwa linarukaruka na yaliyotoka yalikuwa yamechanganyika kama uji. Mama Kasimba alikuja mlangoni akiwa na vitenge vitatu mkononi, vipya, vya zawadi.

"Chujia hivi," alisema. "Nasikia mafuta yanasumbua."

Nikavichukua. Nilikunja mara nne, nikamimina ndoo ya mafuta, nikaona mchanga na majani yakibaki juu. Maji yalipita kama yalivyokuja. Kitenge kinazuia taka, hakizuii maji. Nilijua kabla sijaanza, lakini mikono ilitaka kazi.

"Ni yetu?" Mama Kasimba aliuliza. Ile sauti yake ya kuamuru ilikuwa imekwenda. "Ni yale mafuta yetu?"

"Hapana, mama. Ni mimi."

Alibaki kunitazama, akaona chupa, akaona bomba lililofungwa. Sijui alielewa nini. Alipanda juu bila vitenge vyake.

Saa sita na dakika kumi injini ilizima.

Ukimya wa injini ndani ya boti hauna mfano. Ghafla unasikia kila kitu kingine, maji yakipiga ubavuni, vyombo vikianguka, mtoto mmoja akilia kisha wote. Nikaweka karatasi mbili za mwisho, nikashika pampu ya mkono, nikapampu huku nahesabu kwa sauti, nikalegeza nati ya kwanza povu likatoka, nikalegeza ya pili, ya tatu, mpaka mafuta yakatoka bila mapovu, nikakaza. Spana ikaniponyoka mara mbili. Boti ilikuwa imeanza kugeuka, nilihisi miguuni. Nikabonyeza. Ikawaka. Nikatazama kikombe cha kioo na mpaka wa maji ulikuwa unapanda mbele ya macho yangu.

Nikapanda ngazi nusu, nikachungulia nje. Jabali lilikuwa upande wa kulia, karibu kiasi cha kuona nyufa zake na mti mdogo ulioota humo. Abiria walikuwa wamekaa chini wote wameshikana. Bilali alikuwa kwenye godoro lake na watoto wawili wasio wake wamemshika mkono. Hakuniangalia. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza injini.

Nikashuka.

Karatasi zitadumu dakika nane, nilikadiria. Labda tisa. Nilisimama mbele ya koki ya figo na mkono juu yake, na niseme ukweli, sikuwafikiria wale watu mia moja na kumi na wawili. Niliifikiria ile karatasi kwenye sanduku la spana. Nilikuwa nimefanya kila kitu, nimevunja sheria, nimewapakia watu kwenye boti isiyo na figo, ili lile la Bilali lifike safi nami nisikatwe. Na sasa koki ile nikiifungua, sina tena pa kujificha. Nikiacha kuifungua, nimewaua wao na yeye na mimi kwa sababu naogopa kisu. Nililia kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yangu mwenyewe.

Injini ikashuka. Ikapanda kidogo. Ikashuka.

Nikafungua koki.

Mafuta yaliingia kwenye chupa kama kamba ya kahawia, na ndani yake zile nyuzi nyeusi. Figo lilishtuka. Nimelitunza miaka saba na sikujua linaweza kushtuka. Lilijikunja, likatulia, kisha likaanza kupwita haraka, mara mbili ya kawaida, na koki ndogo ya chini ikaanza kutoa maji bila hata kikombe kuwepo, yakanilowesha viatu. Ule wekundu ulianza kufifia kuanzia pembeni.

Na injini ikakaa sawa. Haikupandisha wala kushusha. Ilichukua nguvu yote ikaishika, ikaunguruma kwa sauti moja, nene, tamu, ile niliyoifundishwa kuitafuta tangu siku ya kwanza. Juu nikasikia mwanamke akipiga kigelegele, halafu wengine. Boti ikanyanyua pua. Nilikuwa nimeketi chini kwenye maji, mgongo kwenye kasha la vipuri, na nilijua kuna mtu mmoja huko juu ambaye hahitaji kuambiwa sauti ile imetoka wapi.

Nikangoja. Dakika moja ilipita, mbili. Tulikuwa bado chini ya jabali.

Fimbo ikagonga sakafu. Ko. Ko.

Ikakaa.

Ko.

*

Tulifunga kamba Kigoma saa kumi jioni, jua bado kali. Nahodha Sikazwe alikwenda moja kwa moja ofisi ya Chama kueleza mwenyewe kabla hawajaja kumuuliza. Mama Kasimba alishuka, akamwinamia Bilali, akamshika miguu iliyovimba, akaenda zake.

Daktari Kokuhirwa alikuja na wasaidizi wawili na sanduku la barafu. Alishuka chumba cha injini, akamulika chupa kwa tochi, akaizunguka, akamulika tena. Figo lilikuwa jeusi kama mkaa uliolowa. Lilikuwa bado linapwita, mara moja, likikaa sana, mara nyingine.

"Hili haliingii kwa mtu," alisema.

Bilali alikuwa ameshaletwa mlangoni kwa machela. "Nimelisikia," alisema. "Lilifanya kazi vizuri." Halafu, kwa sauti ndogo, "Nina muda gani, daktari?"

Sikutaka kusikia daktari atakachosema. Nilifungua sanduku la spana. Nilitoa spana moja moja nikazipanga sakafuni, hata zile ambazo hazikuwa njiani, mpaka nikafika chini. Karatasi ilikuwa na madoa ya mafuta lakini ilisomeka. Nikampa.

Alisoma, akatazama tarehe, akaniangalia. "Hii ni ya miezi miwili."

"Najua."

"Lete nione," Bilali alisema.

Hakuwa na miwani. Aliishika mbali, mkono umenyooka, akasoma polepole huku midomo inacheza. Alipomaliza aliisoma tena. Nilisimama nikiwa nimelowa miguu, nikangoja.

"Ulisema hazikupatana."

"Nilisema."

"Uliogopa."

"Naogopa mpaka sasa, Fundi."

Alirudisha karatasi kwa daktari, si kwangu. "Nipelekeni," aliwaambia wasaidizi, akageuza uso upande wa ziwa. Ndani ya gari la hospitali tuliketi magoti yanagusana na hakusema nami neno, na nilimwona akijifuta macho kwa kofia yake. Nilitaka kumwambia samahani nikaona ni neno dogo mno. Ningekuwa yeye ningenipiga.

Hospitali walinivua ovaroli, wakanipa gauni la kijani lililo wazi mgongoni, wakanitoa damu chupa tatu. Nilikuwa siwezi kukaa. Nilitembea korido kwenda na kurudi mpaka muuguzi akaniomba nitulie, nikatulia, nikaanza tena. Mwishoni alinipa kikombe kidogo chenye kifuniko, akaninyooshea kidole mlango wa choo.

Machela ya Bilali ilikuwa imeegeshwa ukutani, njiani. Nilipita karibu yake nimeshika kikombe, gauni nimelikamata kwa nyuma kwa mkono mwingine. Alikuwa amefumba macho. Nikadhani amelala.

"Siki," alisema, bila kuyafumbua.

"Naam, Fundi."

"Umeshalikojoza?"

"Bado, Fundi. Ndio nakwenda."

"Utazame rangi," alisema.